UZI: DC-10 ya Air Zaïre kwa plastiki, 1/144, hapa hapa Lubumbashi

#1 Mwana_Kamalondo

Wakubwa kwa wadogo, jambo yenu.

Humu naona vifaru, naona ndege za vita, naona malori ya jeshi yenye matope hadi kwenye kioo. Ndege ya abiria sijaiona hata moja. Basi nafungua uzi.

Sanduku la modeli ni la zamani. Mjomba alilipata mitumba Brussels, akaja nalo likizo ndani ya begi la nguo. DC-10, ile ndege ya abiria ya injini tatu, plastiki nyeupe, kipimo cha 1/144. Stika zake zimegeuka njano na ni za kampuni ya Marekani, hazinihusu. Nataka Air Zaïre, shirika la ndege la nchi yetu enzi za Zaïre. Wenye umri wanaikumbuka: ilianza 1961 kwa jina la Air Congo, 1971 ikaitwa Air Zaïre, ikafilisika 1995. Katika miaka ya 1970 ilipokea DC-10-30 mbili za safari za mbali. Kwa ratiba zake watu waliibatiza Air Peut-être, yaani Air Labda, lakini uzuri wa ile ndege hakuna aliyeubisha.

Kwa wageni wa mchezo huu: 1/144 ni kipimo kinachotumika zaidi kwa ndege za abiria. Milimita 1 kwenye meza yako ni sentimita 14.4 kule uwanjani. DC-10-30 ina urefu wa mita 55 na kitu, kwa hiyo hii yangu inafika sentimita 38, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni 35. Abiria mwenyewe angekuwa na kimo cha milimita 12.

Nasema mapema ili tusigombane baadaye: ndege ya abiria ni ngumu kuliko ya vita. Ya vita ukikosea unaipaka moshi, unaitia mabaka, watu wanasema imetoka mstari wa mbele. Hii ni bomba refu jeupe linalong'aa, na mshono ukibaki mgongoni utaonekana kutoka mlangoni. Kwa hiyo asilimia kubwa ya kazi ni msasa. Anayetaka kupaka rangi kesho asubuhi, uzi huu utamchosha.

---

#2 Ruashi_Tu

Yaya, ile kole ya plastiki unaipata wapi? Miye nilizunguka soko ya Kenya yote, ile ya hapa Lubumbashi, banauzisha tu kole ya viatu na ile ya haraka-haraka. Na asetoni ya kutoa rangi ya kucha, inaweza?

---

#3 Mwana_Kamalondo

@Ruashi_Tu mdogo wangu, kole ya viatu achana nayo kabisa, inavuta nyuzi kama bublishi ya kutafuna na haishiki polistairini, hii plastiki ya modeli, vizuri. Asetoni inayeyusha plastiki ndiyo, ila inaruka hewani kabla haijafanya kazi, na ile ya kucha imechanganywa na maji na manukato. Utaachiwa weupe na kiungo dhaifu.

Gundi ya kweli ya modeli haishikizi, inayeyusha. Pande mbili zinalainika, zinaingiana, kimiminika kikiruka unabaki na plastiki moja. Mimi naagiza chupa ndogo yenye brashi pamoja na seti, au namwomba mtu anayetoka Johannesburg. Chupa moja inakaa muda mrefu ukifunga kizibo vizuri.

Namna ya kutumia kwenye bodi: funga nusu mbili kwa tepu ya karatasi na mipira ya hela, gusa brashi kwenye mpaka, gundi itajivuta yenyewe ndani. Kisha bana taratibu mpaka uone kamstari kembamba ka plastiki laini kanatokeza juu. Hako usikafute! Ndiko kanakojaza mshono. Kaache kakauke mpaka kawe kagumu kabisa, halafu kwaruza kwa wembe uliosimama wima, si wa kukata. Unapokwaruza, vumbi linatoka kama unga. Likitoka kama utando unaonata, bado; rudisha ndege kabatini.

Gundi ya haraka inafaa kwa vitu vidogo na kwa kujazia, nitaeleza tukifika kwenye madirisha.

---

#4 Mama_Deo

Jamani, mimi mwanangu ana miaka 11 na amesoma huu uzi juu ya bega langu. Sasa hataki kitu kingine. Hizo gundi na rangi si sumu?

---

#5 Mwana_Kamalondo

Mama, salamu kwake. Ni sumu ukizivuta ndani ya chumba kilichofungwa. Mlango wazi, dirisha wazi, na kazi ya gundi ifanyike mbali na mbabula, jiko la makaa. Nasisitiza hilo la mbabula kwa sababu huku kwetu baridi ya Juni inafanya watu waisogeze hadi chumbani, na mvuke wa gundi na wa tina ya kuyeyushia rangi unashika moto upesi. Wembe umshikie wewe. Kwa kuanza mtafutie seti isiyohitaji gundi, zipo zinazobana zenyewe, akosee huko kwanza.

---

#6 Fundi_Mastiki

Mimi ni tolie, fundi wa kunyoosha bodi za magari, garage yangu iko Kampemba. Sijawahi kujenga hiyo michezo yenu ila nimesoma nikacheka, maana ni kazi yangu ile ile kwa gari la sentimita 38.

Msasa wa maji: namba 400, 600, 1000, 1500, namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi, yote mnapata kwa wauza rangi za magari, kwa karatasi moja moja. Praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza ya chini, ya kopo la kupuliza iko. Mastiki ya gari, ile ya kujazia mabonde, yenye dawa ya kukaushia pia iko, ila kwa plastiki nyembamba changanya kidogo sana, inachemka. Na kumbukeni inakuwa ngumu kuliko plastiki: ukisugua, msasa utakula plastiki na kuacha mastiki imesimama kilima. Tumieni kipande cha mpira mgumu nyuma ya karatasi. Kidole ni laini, kinafuata bonde.

Rangi ya gari juu ya plastiki tupu: hapana. Tina yake inaunguza, utaona nyufa ndogo ndogo. Praima kwanza, tena nyembamba kama ukungu, mbali kidogo, iache ikae, kisha ukungu mwingine.

---

#7 Mwana_Kamalondo

Fundi, aksanti mingi. Huu ujumbe wako nitaomba wasimamizi waubandike juu.

---

#8 Jiwe_la_Kijani

Nikiongezea hapo kwa fundi. Sisi wachongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, tunasugua kwa maji siku zote, kwanza kwa sababu vumbi la lile jiwe ni sumu, pili kwa sababu maji yanabeba uchafu unaokwaruza. Tieni tone la sabuni ya vyombo. Na msiruke hatua. Mikwaruzo ya 400 haiondoki kwa 1500, inang'aa tu, halafu rangi ikikauka inatokea yote. Kila ukibadilisha karatasi, badilisha na mwelekeo: ya kwanza kwa urefu, ya pili kwa upana. Ukiona bado kuna mistari ya mwelekeo wa zamani, hujamaliza.

---

#9 Mwana_Kamalondo

Sasa madirisha. Najua hapa tutatengana.

Bodi yangu imekuja na matundu ya madirisha yametobolewa, na vipande vya plastiki ang'avu vya kubandika kwa ndani. Mimi nayaziba yote. Naweka tepu kwa nje, kwa ndani natia gundi ya haraka iliyochanganywa na poda ya mtoto mpaka iwe uji mzito, natoa tepu, nasugua. Kusugua kufanyike mapema, saa hiyo hiyo, maana mchanganyiko huu ukilala unakuwa mgumu kushinda plastiki na utarudi kwenye tatizo la kilima alilosema fundi. Mwishoni madirisha yanarudi kama stika.

Sababu zangu: vile vipande ang'avu havikai sawa na bodi hata siku moja, na huwezi kusugua mgongo bila maji na vumbi kuingia ndani. Tena dirisha lenye urefu wa sentimita 35 kwa kipimo hiki ni milimita 2 na nusu. Ukitazama ndege halisi ikiwa imepaki mchana, unaona giza ndani. Stika ya kijivu kizito inatoa picha hiyo hiyo.

---

#10 Nuru_Dirishani

Ndugu, hapo tunatengana kweli. Ndege iliyozibwa macho ni toi.

Ziba basi kwa gundi nyeupe ya mbao! Paka rangi kwanza, maliza kila kitu, halafu chukua njiti ya meno, chovya, zungusha kwenye ukingo wa tundu kisha vuta katikati. Utando unafunga, ukikauka unang'aa kama kioo. Kwa tundu la milimita 2 haishindwi. Ndani unapaka nyeusi kabla ya kufunga bodi ili mtu asione ukuta wa upande wa pili. Mwanga ukipita pembeni, kila dirisha linameremeta kivyake. Stika haitafanya hivyo milele.

---

#11 Mwana_Kamalondo

Nakubali utando wa gundi nyeupe unapendeza, nimeuona kwenye ATR ya rafiki, ile ndege ndogo ya mapanga. Lakini ATR ina madirisha machache upande mmoja. Hii DC-10 ina safu ndefu, na ubavuni kunapita mistari ya rangi inayotaka tepu juu ya matundu yale yale. Kila tundu litameza rangi ukingoni. Kwa ndege hii naziba. Kwa ATR ningekufuata.

---

#12 Ruashi_Tu

Banaume banagombania milimita 2 😂

---

#13 Muzee_wa_Luano

Mwanangu Mwana_Kamalondo, nimesoma yote kimya. Nilikuwa nabeba mizigo pale Luano, uwanja wetu wa ndege, enzi hizo. Nina swali moja: hiyo ndege yako ina miguu mingapi?

Maana Air Zaïre ilikuwa na DC-10 ya aina ya -30. Ile -10 ya Wamarekani ina miguu mikubwa miwili, kushoto na kulia, kila mmoja magurudumu manne. -30 ilibeba mafuta mengi zaidi na uzito zaidi, kwa hiyo waliiongezea mguu wa tatu katikati ya tumbo, wenye magurudumu mawili. Na mabawa yake ni marefu kidogo. Ukiandika Air Zaïre ubavuni bila mguu wa kati, sisi wazee tutacheka.

---

#14 Mwana_Kamalondo

Muzee, shikamoo. Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri mtu aulize.

Kwenye sanduku langu mguu wa kati haumo, tumbo limefungwa laini. Mabawa nimepima, yanatoka sentimita 35, yaani ni ya -30 (mita 50 na kidogo, ya -10 ni mita 47 na kitu, ingekuwa chini ya sentimita 33). Kumbe aliyechonga kalibu ya plastiki alichanganya. Seti nyingi za enzi hizo ziko hivyo, nusu ya ndege moja, nusu ya nyingine.

Kwa hiyo mguu natengeneza. Mji wa shaba huu, waya haukosekani: nimepasua mota ya feni iliyoungua. Waya mnene ndio nguzo, waya mwembamba nimeuzungushia juu kuwa mabomba ya mafuta ya breki. Kwa milango ya tumbo nimekata kadi ya simu ya zamani ya kukwangua. Magurudumu mawili: nimetoboa duara kwenye kadi hizo hizo, nikabandika tatu tatu, nikapitisha msumari katikati, nikafunga msumari kwenye drili ndogo na kusugua pembe mpaka zikawa mviringo wa tairi. Yakilala pembeni mwa yale ya sanduku, tofauti ni rangi ya plastiki tu. Kadi ni PVC, gundi ya modeli haiigusi. Hapo tumia ya haraka.

---

#15 Muzee_wa_Luano

Sawasawa. Magurudumu manne na manne na mawili, na mawili ya puani. Kumi na mbili. Hapo umesema.

---

#16 Fundi_Mastiki

Na isije ikakaa mkia. Injini moja iko nyuma kule juu.

---

#17 Mwana_Kamalondo

Fundi unaona mbali. Plastiki ya injini ni tupu, haina uzito wa ajabu, ila bodi yote ya nyuma ni ndefu na miguu iko katikati, kwa hiyo ndiyo, bila uzito puani inaketi. Kabla ya kufunga bodi kwa gundi, funga kila kitu kwa tepu, mabawa, mkia, injini zote, isimamishe kwenye miguu mikubwa, kisha ongeza nati juu ya pua mpaka iiname. Halafu ongeza kidogo tena, maana rangi na mastiki vitakuja baadaye na vingi viko nyuma.

Wengi wanatia risasi za kuvulia samaki. Msizishike kwa mikono mnayolia bukari (ugali), na kamwe msizifunge kwa gundi nyeupe ya mbao: asidi yake inakula risasi polepole, inavimba, baada ya miaka pua inapasuka kutoka ndani. Nati za chuma ndani ya gundi ya epoksi hazina maneno.

Wakati bodi bado wazi, malizeni na njia ya hewa ya injini ya mkiani. Ni bomba lililonyooka linalopita chini ya mkia, seti inaligawa nusu kwa nusu, na mshono wake uko ndani ambako kidole hakifiki. Usisugue. Kata kipande cha plastiki ya chupa ya maji, kikunje kuwa mrija, kipake nyeupe, kichomeke ndani kama bitana. Mshono umekwisha.

---

#18 Nuru_Dirishani

Mistari ya maungio ya mabati mgongoni unaichimba upya? Hizi seti za zamani mistari yake imeinuka.

---

#19 Mwana_Kamalondo

Nimeisugua yote ikaisha na sirudishi hata mmoja kwenye bodi. Piga hesabu: ukichimba mstari wa milimita 0.2, kwa kipimo hiki ni ufa wa karibu sentimita 3. Ndege yenye nyufa za sentimita 3 nani angeipanda? Kwenye mabawa nimechimba ile tu inayotenganisha sehemu zinazosogea, nayo kwa ncha ya sindano, mara moja.

---

#20 Mwana_Kamalondo

Rangi.

Praima ya kijivu inapeleleza. Ukipuliza, zima taa ya juu, shika tochi ya simu karibu na bodi, mwanga ulale juu ya plastiki. Mshono ambao mkono haukuusikia utauona. Jaza, sugua, praima tena. Hapa wengi wanachoka na kuamua "inatosha". Nyeupe itakuja kusema ukweli.

Nyeupe haifuniki. Ukitaka ifunike kwa mara moja itachuruzika tumboni. Kwanza praima nyeupe, kisha nyeupe ya kung'aa kwa tabaka za ukungu, ya mwisho tu ndiyo yenye maji.

Mambo ya hewa yetu: kiangazi vumbi jekundu linaingia hata chini ya mlango uliofungwa. Mwaga maji sakafuni kabla ya kupuliza, subiri litulie, na ukimaliza funika ndege kwa beseni la plastiki lililogeuzwa. Asubuhi za baridi za Juni na Julai kopo linatema matone. Lilaze kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Vuguvugu, siyo ya chai! Kopo lina gesi, likipata moto linalipuka. Masika ni kinyume, unyevu unaingia kwenye rangi za tina na ile ya kung'aa inakauka na ukungu mweupe juu. Kama mvua inanukia, acha.

---

#21 Fundi_Mastiki

Ukishapata huo ukungu, puliza tina inayokauka polepole, peke yake, nyepesi sana. Inafungua rangi na unyevu unatoka. Kwa gari tunafanya hivyo kila Januari.

---

#22 Jiwe_la_Kijani

Na kingo za mbele za mabawa? Zile zinang'aa chuma.

---

#23 Mwana_Kamalondo

Karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, upande usiong'aa sana. Gundi nyembamba, laza, sugua kwa pamba kutoka katikati kwenda pembeni, kata ziada kwa wembe mpya. Hata midomo ya injini tatu nimefanya hivyo. Rangi ya fedha ya kopo inaonekana kama rangi ya fedha ya kopo.

---

#24 Ruashi_Tu

Yaya na stika? Air Zaïre haiuzwe soko.

---

#25 Mwana_Kamalondo

Kuna karatasi maalumu ya stika za maji, nimepata kwa mjomba. Mchoro nimeuchora kwenye kompyuta kutoka kwenye picha. Mnaochora, chukueni picha nyingi, siyo moja: filamu za zamani zinabadilika rangi kwa umri, nyekundu moja inakuja tatu. Pima rangi kwa kitu unachokijua kwenye picha hiyo hiyo, nyeupe ya bodi au nyeusi ya tairi.

Kuchapa ni pale kwa wenye mashine za leza mjini. Leza ni bora kwa sababu wino wake ni unga uliochomwa, maji hayautoi. Wino wa mashine ya wino wa maji lazima uupulizie vanishi juu, la sivyo ukichovya, Air Zaïre yote inaelea kwenye bakuli.

Shida moja kubwa: mashine za kawaida hazichapi nyeupe. Kila kilicho cheupe juu ya rangi kinabaki wazi, hivyo chini yake lazima pawe peupe. Kwa hiyo mistari na mkia napaka kwa tepu, na stika ni za jina, madirisha, milango, na namba inayoanzia na 9Q.

Weka stika juu ya rangi inayong'aa tu. Rangi kavu isiyong'aa ina vinyweleo, hewa inakaa chini ya stika na utaona fedha-fedha. Maji ya vuguvugu, isubiri iteleze yenyewe, iburute kwa brashi yenye maji. Siki kidogo ndani ya maji inailainisha ilale kwenye mikunjo. Madirisha yako kwenye ukanda mmoja mrefu. Kata vipande vitatu, ukanda wote mzima utapinda tu.

---

#26 Muzee_wa_Luano

Picha iko wapi, mwanangu?

---

#27 Mwana_Kamalondo

Nimepandisha nne, Muzee. Ya tatu nimepiga kutoka chini ili uone mguu wa kati. Vanishi ya mwisho bado, nasubiri siku isiyo na upepo.

---

#28 Muzee_wa_Luano

Nimeziona. Milango ya ule mguu wa kati, ndege ikiwa chini imesimama, nadhani ilikuwa inafungwa ya mbele. Tafuta picha ya chini ya tumbo uhakikishe kabla ya vanishi.

---

#29 Nuru_Dirishani

Nzuri sana kaka. Bado madirisha ni stika.

---

#30 Mwana_Kamalondo

😂 Nuru, nina ATR 72 kwenye sanduku. Njoo na njiti zako za meno Jumamosi, madirisha yote ni yako.